Vipimo Tisa vya Kubuni

Wewe unayesoma, umewahi kuandika namba usiyoipima, ukajiambia hakuna atakayejua?

Chiriku, binti wa miaka kumi na miwili aliyeitwa hivyo kwa kuongea bila kituo, aliandika tisa. Ilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye meza ya kwao. Mama yake alikuwa fundi wa picha hospitalini, kwenye mashine inayoonyesha ugonjwa uliojificha mwilini. Baadhi ya miale ya mashine hiyo hugonga vitu njiani ikapinda, na picha ikaingia ukungu. Kuna programu ya kompyuta inayoupunguza ukungu huo. Hii ya mama ilikuwa wazi kwa wote: yeyote aliweza kuisoma, kuitumia bure na kuirekebisha.

Kabla ya kutumiwa kwa wagonjwa, ilikuwa ijaribiwe kwa pipa la plastiki lenye ukubwa wa kiwiliwili. Mama alimpa Chiriku pipa jipya, tupu, apime unene wa ukuta wake sehemu kumi na mbili kwa kipimo cha chuma chenye taya mbili; namba hizo ndizo programu ingezitumia kusafisha picha ya pipa. Akapima tatu, zote milimita nne. Akatazama saa, akajaza nne, nne, mpaka chini. Pipa ni duara tu, alijiambia, litaficha nini?

Jumatano mama alirudi uso umemshuka. Upande mmoja wa picha ya pipa ulikuwa na kivuli. Hospitali ilimpa hadi Ijumaa. Asipofaulu, programu ingewekwa kando, na wagonjwa wangeendelea kusomewa picha zenye ukungu. Alikagua kila kitu, akamshuku mzee mmoja wa nchi ya mbali aliyeandika kipande cha programu ile. Waandishi wenzake walimtania kwa jina la Babu Mabano, kwa kuwa alipenda kujaza alama za mabano kwenye programu kuliko chai. Mama akaanza barua ya kuwaambia wote kwamba mzee amekosea.

Chiriku aliitazama barua ikiongezeka mstari kwa mstari. Mama akamuuliza kama ulimi ameuazimisha kwa jirani. Mwishowe akasogea karibu na kiti cha mama.

"Mama, usiitume. Babu Mabano hana kosa. Nilipima sehemu tatu tu. Hizo tisa nilibuni."

Mama akaifuta barua. Hakufoka.

Kesho yake, baada ya shule, wakalipima pipa upya kule hospitalini, sehemu zote. Upande mmoja ulikuwa na unene wa milimita kumi na moja. Mama akaingiza namba za kweli, na kivuli kikaondoka.

"Mwanangu," alisema, "programu hii kila mstari wake unaonekana. Ukikosewa, kuna atakayeuona. Lakini kipimo cha kubuni anakijua aliyekibuni peke yake. Asiposema yeye, mgonjwa ndiye anayeumia. Umekosa, ila umesema mapema, na kesho picha zitakuwa safi. Sasa niambie, Jumamosi ulikuwa na haraka ya nini?"

Chiriku alikizungusha kile kipimo mkononi.

"Nilitaka umalize kazi mapema, Mama. Nilitaka tule pamoja, hata siku moja."