Shahidi wa Mwisho wa Radi Kavu

Kikamuzi kilikuwa kimemkamua bibi mmoja wa Nyegezi kwaya nzima ya mwaka 2029, hata yule mwimbaji mmoja aliyekuwa akiwatangulia wenzake kwa nusu pumzi. Sauti zilishuka kutoka dari la Jumba la Sauti la Mwanza, na watu mia tatu wakaitikia amina kabla hawajajijua. Bibi mwenyewe alikuwa kitini, taji la nyuzi-mwanga kichwani, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba.

"Anayefuata," ikatangaza akili unde ya ukumbi kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi, "ni Mzee Nkwabi Lutonja, mtu wa mwisho aliye hai kati ya waliohudhuria tamasha la Radi Kavu!"

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Mzee Nkwabi, miaka themanini, ndani ya koti la ngozi ambalo tumbo lililigomea zamani, akatamani sakafu ipasuke. Kwa sababu siku ya tamasha la Radi Kavu yeye hakuwepo.

Tuelewane kwanza. Mwaka 2052 Jua lilipiga chafya, na dhoruba yake ikafuta kila kumbukumbu iliyohifadhiwa kwenye mashine duniani kote. Picha, nyimbo, sauti za marehemu, vyote vikaenda. Inasemekana hata mizani za sokoni zilisahau kilo ni kitu gani. Vilivyosalia ni vichwa vya watu, na humo ndimo wahandisi wa Mwanza walimoanza kuchimba. Kikamuzi humulika kumbukumbu ndani ya ubongo na kuigeuza sauti, safi kama ilivyoingia sikioni siku ile.

Na hakuna sauti iliyotafutwa kama ya Radi Kavu, vijana wanne wa roki waliopiga jukwaani mara moja tu, mwaka 2034, katika ghala la pamba la Igogo.

Mzee Nkwabi alilisimulia tamasha hilo kwa miaka arobaini na moja. Alianza msibani kwa rafiki yake Gervas Misalaba, ambaye kweli alikuwepo ghalani. Mtu mmoja alisikitika kwamba sasa mtaani kwao hakuna wa kulisimulia, na Nkwabi, kwa uchungu tu, akajikuta akisema, "Mimi nipo. Tulikwenda wote." Dhoruba ikaja mwaka uliofuata, ushahidi ukafutika, na uongo ukaota meno. Umeme ulikatika, alisimulia, mpiga ngoma akaendelea peke yake dakika kumi na moja. Baadaye zikawa kumi na tano. Mwaka jana zilikuwa kumi na tisa.

"Wimbo wa studio ni ugali wa hotelini," alipenda kuwaambia mashabiki wenzake. "Mweupe, laini, hauna ukoko. Rekodi ya jukwaani ndiyo yenye ukoko. Uzi umekatika, mtu kakohoa katikati ya solo, mpigaji kakosea akacheka mwenyewe. Hapo ndipo unajua walikuwa watu."

Wakamvika heshima, wakampa kiti cha mbele kwenye kila kikao. Halafu Tekla, binti wa Gervas, akapeleka jina lake Jumba la Sauti.

Mzee alijaribu kukwepa. Alidai ana homa. Roboti muuguzi ikampima ikamwambia joto lake ni zuri kuliko la vijana. Alidai ni kiziwi. Ikarudi nyuma hatua kumi, ikanong'ona jina lake, naye mjinga akageuka.

Sasa mikanda ilimbana mikononi. Mhandisi Adela, mama mpole mwenye miwani, akainama kumsomea masharti.

"Babu, nakukumbusha. Kumbukumbu ni kama sweta. Ili tupate uzi, lazima tufumue. Tutakachotoa hakitabaki kwako, na sauti hutoka na mizizi yake. Saa hii ya kitini nayo hutaikumbuka. Kiti hakifunguki hadi mwisho, isipokuwa useme 'basi'. Hapo kitakachokuwa hakijatoka kitabaki chako. Umekubali?"

Nkwabi akapima njia zake. Akisema ukweli sasa, watu mia tatu watamcheka mpaka kaburini. Akikaa kimya, mashine itachimba ikute patupu, naye atasingizia uzee. Itamnyang'anya nini mtu asiye na kitu?

"Nimekubali," akasema.

"Lete radi, mzee!" akapaza sauti Lugembe, mshindani wake wa miaka yote. "Au mvua imekatika?"

Taji likawaka. Darini kukasikika kikohozi. Kisha kingine, kizito, cha kifua kibovu. Mashabiki wakatazamana kwa furaha: ukoko huo! Vikafuata vikohozi vitano kwa mpigo.

"Mbona ghala zima lina kifua?" Lugembe akauliza.

Kisha gitaa likalia. Ila halikuwa gitaa. Ilikuwa sauti ya mwanamume, akipiga gitaa kwa mdomo: "Nyaaau! Ti-ri-ri-ri, nyaaau! Hapo Fumbuka na gitaa lake kapiga goti, Nkwabi, unamwona? Du-pa, du-du-pa!" Chuma kikagongwa kufuata mdundo. Sauti ya mwanamke ikafoka, "Wee kaka! Hii ni wodi, kuna wagonjwa!" na wagonjwa wenyewe wakamjibu, "Mwache, sista! Aendelee!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu akapiga mluzi. Kitini, Nkwabi akaitambua sauti ile. Alikuwa amesahau kwamba kichwani mwake kulikuwa na kitu. Mwaka 2034 alikuwa amelazwa Sengerema, mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe, hawezi hata kugeuka. Gervas alivuka ziwa asubuhi baada ya tamasha, akakaa kando ya kitanda na kumpigia tamasha lote kwa mdomo, wimbo kwa wimbo, saa mbili nzima, akigonga chuma cha kitanda kwa kijiko cha uji.

Na kila wimbo uliosikika ukumbini ulikuwa ukimtoka. Aliuhisi ukichomoka. Alitafuta wimbo wa kwanza, akakuta pake pamekuwa laini, hapana alama.

Basi, alitaka kusema. Neno lilikuwa tayari ulimini.

Tekla alikuwa amesimama mstari wa mbele. Gervas alipofariki, yeye alikuwa na miezi saba. Dhoruba ikafuta kila alichoachiwa.

"Bamdogo," akaita, na kicheko kikapungua. "Huyo anayeimba ni nani?"

Nkwabi akafumba macho. "Ni baba yako. Mimi sikwenda ghalani, mwanangu. Nilikuwa nimevunjika mguu. Tamasha ninalolijua ni hili tu."

Juu yao Gervas alikuwa akicheka katikati ya wimbo wa tatu, baada ya kukosea mdundo. Tekla akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mhandisi Adela akaangalia kioo chake. "Babu, tumefika nusu. Ukisema basi, nusu iliyobaki utabaki nayo, pamoja na sauti yake. Tukiendelea, hata ukimsikia akikuita hutamjua."

Nkwabi akavuta mikono. Mikanda haikulegea.

"Sema basi, Bamdogo," Tekla akasema haraka. "Nilichosikia kinanitosha. Kweli, kinanitosha kabisa."

Mzee akamtazama. Machoni mwa binti hakukuwa na kutosheka hata kidogo.

"Nimedanganya miaka arobaini na moja," akasema. "Mwongo mwenzangu nikimsikia namjua. Kaa chini usikilize. Mhandisi, endelea."

Ikaendelea. Umeme ukakatika ghalani, na Gervas akaupiga ule mdundo wa ngoma kwa kijiko, dakika nne tu na si zaidi, huku wodi nzima ikimsaidia kwa makofi na vikohozi. Hakuna aliyecheka tena. Uzi wa gitaa ukakatika kwa mdomo, gitaa likamalizia na nyuzi tano kwa mdomo, wagonjwa wakashangilia, na ile sauti, sasa imekauka koo, ikasema, "Ndiyo hivyo, ndugu yangu. Sasa hata wewe ulikuwepo."

Mikanda ikafunguka. Tekla akapanda jukwaani, akaketi kando ya kiti, akaushika mkono wa mzee. Juu yao Kikamuzi kilikuwa tayari kikiirudia rekodi, kama desturi yake.

Mzee Nkwabi akasikiliza, kichwa kaegemeza, kidole chake kikigonga paja.

"Umesikia?" akamnong'oneza. "Kakosea hapo, akacheka. Hiyo ndiyo rekodi. Sijui wamempata wapi bwana huyu." Akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Ila baba yako, Tekla, angempenda sana."

Tekla akaukaza mkono ule. "Angempenda, Bamdogo."