Dawa Imekwisha, Ganzi Imebaki

Mpunga ulikuwa umeshavunwa. Mashamba yote upande ule wa Chimala yalibaki mabua makavu. Magunia yalikuwa ndani. Hata wale ndege wadogo wanaoshuka kwa maelfu kula mpunga walishahama zamani. Lakini Nashoni Magesa bado alikuwa analala kwenye kibanda cha shambani. Ukimuuliza, anakwambia anaamia ndege, anawafukuza wasile mpunga.

Ndege gani, jamani? Ndege wa kula mabua?

Majirani walicheka sana. Mama mmoja alimwambia Leokadia, mke wa Nashoni, pale bombani, "Mama Joyness, mumeo mwaka huu ana bidii! Anaamia mpaka shamba tupu." Leokadia alicheka naye. Akajitwika ndoo yake, akaondoka. Alipofika nyumbani alikaa jikoni akalia.

Leokadia hakuwa mjinga. Mume akikimbia kitanda chake mwenyewe, mke atafikiri nini? Alifikiri lile lile ambalo mimi na wewe tungelifikiri. Nashoni ana mwanamke. Basi akachukua simu. Akampigia shangazi yake, Tekla, anayelima vitunguu kule Ruaha Mbuyuni. Akampigia pia Tadeo, kaka mkubwa wa Nashoni. Akawaambia, "Njooni Jumamosi tukae kikao. Ndoa yangu imenishinda."

Siku ya Jumatano asubuhi alibeba chupa ya chai na viazi vya kuchemsha, akaenda shambani. Alitaka kumwambia Nashoni habari ya kikao uso kwa uso. Huyo ndiye Leokadia. Akikukasirikia, bado atakuletea chai.

Alimkuta Nashoni amekaa nje ya kibanda, mkono kifuani. Jasho lilimtoka, na asubuhi ile ilikuwa na baridi.

"Unaumwa?"

"Moyo unakwenda mbio tu. Utatulia."

Leokadia aliingia ndani kumchukulia shuka. Alipoliinua aliona chupa ya maji meusi yenye mizizi. Pembeni yake palikuwa na vidonge vya rangi ya bluu, havina hata boksi. Alivitoa nje.

"Hivi ni vya nini? Vya kwendea kwa huyo mwanamke wako?"

"Mwanamke gani?"

"Nashoni, usinifanye mtoto. Jumamosi shangazi anakuja. Tadeo anakuja. Utawaeleza wao."

Nashoni aliinamisha kichwa. Leokadia alimfahamu mume wake akiwa na hasira, na alimfahamu akiwa na huzuni. Hakuwahi kumwona na aibu namna ile.

"Hakuna mwanamke," alisema Nashoni. "Hata angekuwepo, ningemfanyia nini? Mimi nimekwisha, Mama Joyness."

Akaeleza. Alieleza vipande vipande, huku anachimba udongo kwa kijiti.

Leokadia alikumbuka mwanzo wa mambo hayo. Miaka miwili nyuma, mama yake Nashoni alifariki. Nashoni alilia kama watu wote. Lakini wengine walipoacha kulia, yeye aliendelea kuzama. Hakula. Hakulala. Alikaa akitazama ukuta. Siku moja alisema heri asingezaliwa, na Leokadia akampeleka mbio hospitali moja Mbeya mjini. Wakamwambia ana sonona. Si uvivu, si kukosa imani. Ni ugonjwa. Wakampa vidonge. Baada ya wiki chache Nashoni alirudi kuwa Nashoni. Alikula, alilima, alimtania mtoto wao Joyness. Leokadia alimshukuru Mungu na vidonge vile kwa pamoja.

Kilichofuata hakukijua.

"Nilipoanza vile vidonge, hamu ya tendo iliondoka," Nashoni alisema. "Nikasema, si kitu, nitakapomaliza dawa itarudi. Nikajiona nimepona, nikaziacha."

"Uliziacha mwenyewe? Bila kumwambia daktari?"

"Siku moja tu nikasema basi. Wiki nzima kichwa kilizunguka. Kikatulia. Lakini hamu haikurudi. Huu ni mwezi wa nane tangu niziache. Tena huku chini pana ganzi. Ukinigusa ni kama unamgusa mtu mwingine."

"Na hivi vidonge?"

"Nimevinunua gulioni. Jamaa alisema ni vya nguvu. Vinafanya moyo uende mbio, basi."

Leokadia alikaa chini palepale kwenye mabua.

"Nashoni, wewe! Mimi muda wote huo najiuliza nimekukosea nini. Nimebadilisha mafuta. Nimesuka. Nimenunua kanga mpya mbili. Kumbe wewe unaumwa na umenyamaza?"

"Ningesemaje? Mwanaume mzima!"

"Ungesema hivyo hivyo ulivyosema sasa."

Alikuwa na hasira naye, na alimhurumia. Nashoni alimshika mkono. "Nifanyie lolote unalotaka. Lakini wakilitaja hili kikaoni, mbele ya kaka, nitaondoka. Nitarudi kwetu Mara, hamtaniona tena."

Leokadia alijua hatanii. Tena shangazi Tekla alishakata tiketi ya basi. Shangazi yule akishakata tiketi, hakuna wa kumrudisha.

"Kwanza nyanyuka," alisema Leokadia. "Kunywa chai. Halafu twende kwa Esnath."

Esnath ni muuguzi. Kwenye kituo cha afya anahudumia watu wa afya ya akili, na nyumba yake iko njia moja na ya kina Leokadia. Ni mama mnene, mcheshi, asiyeshtuka. Aliwapeleka kwenye chumba chake kidogo, akafunga mlango.

"Haya, Baba Joyness. Karibu. Humu ndani hakuna neno la aibu."

Nashoni alitazama dari. Leokadia akamfinya. Nashoni akasema yote.

Esnath hakucheka. Aliuliza maswali. Tatizo lilianza kabla ya vidonge au baada? Ana kisukari? Ana presha? Anakunywa dawa nyingine? Pombe je? Huzuni imerudi? Kisha akapima presha. Ilikuwa juu.

"Hivi vidonge vya gulioni leo ndiyo mwisho," alisema. "Hatujui ndani mna nini. Vinaweza kukuua kwa moyo. Na hayo maji ya mizizi, mwaga."

"Sista, nimerogwa?" Nashoni aliuliza.

"Hujarogwa. Sikiliza. Baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu na hisia za mwili. Jambo hilo linajulikana kabisa. Mtu akiziacha, mara nyingi mambo hurudi. Lakini wapo ambao dawa imekwisha mwilini na ganzi imebaki. Miezi, hata miaka."

"Ni wengi?"

"Hakuna anayejua idadi. Wengi wanaona aibu kama wewe, hawasemi. Wasiposema, tutawahesabuje?"

Leokadia aliuliza, "Ni kwa sababu aliziacha ghafla?"

"Hilo hatuna hakika nalo. Lakini kuziacha ghafla si vizuri. Ndiyo maana kichwa kilizunguka. Na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi kwa kishindo. Ungekuja, tungepunguza kidogo kidogo." Alimgeukia Nashoni. "Wala usiende kuwatangazia watu kwamba dawa hizi ni sumu. Zimeokoa wengi. Zilikuokoa na wewe. Mtu anayezitumia akiona tatizo chumbani, asinyamaze na asiziache mwenyewe. Aje tuzungumze. Pengine daktari atapunguza kiasi, pengine atambadilishia."

"Sasa mimi dawa yangu iko wapi?"

Hapo Esnath alishusha pumzi. "Sitakudanganya. Dawa moja ya uhakika bado haijapatikana. Wengine hupata nafuu taratibu, wenyewe. Wengine husaidika kidogo. Kwa wengine tatizo linabaki. Lakini kwanza tujue kama hakuna kitu kingine. Kisukari, presha, homoni, hata sonona yenyewe vinaweza kuleta tatizo kama hili. Nitakuandikia barua uende kwa daktari Mbeya."

Nashoni alitikisa kichwa. Leokadia alidhani atalia. Badala yake alisema, "Kumbe ni tatizo linalojulikana. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani."

Wakati wa kutoka Esnath alimshika Leokadia bega. "Na wewe, Mama Joyness. Halijatokea kwa sababu yako. Umesikia?"

Leokadia alisikia. Alirudi nyumbani akitembea kwa wepesi kidogo, ingawa bado Jumamosi ilikuwa mbele yake. Usiku ule Nashoni alilala nyumbani.

Jumamosi ikafika, na shangazi Tekla naye akafika, akiwa na gunia la vitunguu. Tadeo alikuja na pikipiki yake. Wakala wali, wakanawa. Shangazi akakunja kanga yake kiunoni.

"Nimeacha vibarua shambani peke yao. Semeni. Nani amemkosea nani?"

Leokadia alisimama. Alikuwa ameshapanga uongo wake. Angesema alikosea, alimdhania mumewe vibaya, basi, yaishe. Shangazi angemfokea mpaka jioni, na yeye angevumilia. Liwalo na liwe, Nashoni asiondoke.

"Shangazi, shemeji, nisameheni. Nimewasumbua bure. Mimi nilidhani..."

"Kaa chini, mke wangu," alisema Nashoni. "Nitasema mwenyewe."

Leokadia alimtazama. Nashoni alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaikunja na kuikunjua.

"Mama Joyness hajakosea. Aliona simkaribii, akaumia. Mimi nilikuwa naumwa, nikaona aibu. Zile dawa za sonona zilinisaidia kichwa, lakini zimeniachia ganzi. Chumbani siwezi. Hakuna mwanamke mwingine. Jumatatu naenda Mbeya kupimwa."

Hata kuku waliokuwa mlangoni ilionekana kama wanasikiliza.

Tadeo ndiye aliyeanza. "Mdogo wangu, hiyo ni kazi ya mtu! Kuna mganga mmoja..."

"Hapana, kaka. Ni dawa. Wauguzi wanalijua. Nilijaribu vya gulioni vikanipandisha presha. Ukinipenda, nisindikize hospitali."

Tadeo alisema polepole, "Ungeniambia, Nashoni. Mimi si kaka yako?"

Shangazi Tekla aliwatazama wote, mmoja mmoja. "Mimi nimetoka Ruaha Mbuyuni nije kumfokea mtu," alisema. "Nimejiandaa njia nzima. Sasa nimfokee nani?"

Tadeo alicheka kwanza. Nashoni akafuata. Leokadia alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Mume wake alikuwa bado amekaa pale pale, kwenye kiti chake.

Jumatatu walikwenda Mbeya wote wawili. Daktari Sifaeli alichukua damu. Kisukari hakikuwepo. Homoni zilikuwa sawa. Presha ilishuka baada ya kuacha vile vidonge. Daktari alisema kama alivyosema Esnath, hana dawa ya uhakika. Alimpa Nashoni dawa ya kusaidia mzunguko wa damu, kwa kipimo, huku akimwangalia. Ilisaidia mwili kidogo. Hisia haikuleta. Akawaunganisha na mshauri, mama mpole anayeitwa Bertha.

Bertha aliwapa kazi ya nyumbani. Wasilazimishe tendo. Wakae pamoja, washikane mikono, wakandane mgongo, bila kudaiana kitu. Nashoni alale vya kutosha, apunguze pombe, atembee. Huzuni ikionyesha dalili ya kurudi, aje mapema. Zipo dawa nyingine, na kuna matibabu ya mazungumzo. Leokadia aliona haya mwanzoni. Watu wazima wa kukandana mchana kweupe! Lakini alikuwa na mume aliyekaa karibu naye na kuongea. Kitu hicho alikikosa muda mrefu.

Miezi ilipita. Kuna wiki Nashoni alikata tamaa, akawa mkali bila sababu. Kuna siku Leokadia mwenyewe alichoka, akamwambia hivyo, na Nashoni hakukimbia. Mabadiliko yakaja, madogo, ya kukopa na kulipa. Leo yapo, kesho hayapo.

Mwezi wa kumi na mbili mvua zilianza. Jumapili moja baada ya ibada, Joyness alibaki kwenye mazoezi ya kwaya. Mvua ilipiga bati kwa nguvu. Nashoni na Leokadia walijilaza, Leokadia amemwekea mumewe mkono pale penye ganzi, bila kudai kitu, kama walivyofundishwa, wakazungumza habari za mbegu na trekta.

Nashoni akanyamaza katikati ya neno.

"Leokadia."

Alishtuka. Tangu mtoto azaliwe, mumewe hakuwahi kumwita jina lake.

"Nini?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini? Mvua?"

"Mkono wako. Joto lake. Ni kidogo, lakini nimelisikia."

Leokadia hakuthubutu kuusogeza ule mkono. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni.

"Mbona unalia?"

"Niache nilie."

Wakakaa hivyo. Kisha Nashoni akauliza, kwa sauti ndogo, "Na kama yote hayatarudi? Kama ni hiki kidogo tu?"

"Basi tutakuwa na hiki kidogo," alisema Leokadia. "Nawe utakuwa humu ndani. Ila ukininyamazia tena, nitakufukuza mimi mwenyewe."

Nashoni alicheka, akamvuta mkewe.

"Sogea huku," alisema. "Upande wako bati linavuja."