Aliyesema Karibu

Doa lenyewe lilikuwa dogo kuliko kichwa cha pini, lakini lilikuwa jekundu, na gauni lilikuwa la bibi harusi.

"Umejichoma," Dada alisema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Sijajichoma." Chiriku alimwonyesha vidole vyote, kimoja kikiwa bado ndani ya subana, kile kikofia cha chuma cha washonaji. Tangu afundishwe kushika sindano akiwa mtoto hajawahi kutia damu kwenye nguo ya mteja. Lakini damu ilikuwapo, mbichi, na alipopitisha kiganja shingoni kufuta jasho aliiona tena. Ilitoka chini ya sikio.

Dada alikata uzi kwa meno, akasema mbu wa siku hizi hawana adabu.

Waliishi wawili tu. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu ambacho wateja walijigeuzageuza mbele yake wakiuliza kama wamenenepa. Nyuma kulikuwa na vyumba vya kulala. Nyumba hiyo Dada aliachiwa na wazazi, na pamoja na nyumba aliachiwa mtoto mchanga wa kulea, ambaye ndiye huyu Chiriku. Jina alilipata kwa sababu ya mdomo. Alikuwa haufungi. Alizungumza akidarizi, akila, na Dada aliapa kwamba hata usingizini alikuwa anasengenya.

Kazi yake ya pili ilikuwa kumsomea Dada hadithi za mapenzi kutoka kwenye simu. Walizozipenda zaidi ni zile za mabwana wanyonya damu. Siku zote bwana ni tajiri, ana huzuni, hana mke. Anaingia chumbani kwa msichana bila kuombwa, msichana anasema hapana, bwana anatabasamu, na kabla hadithi haijafika katikati msichana anainamisha shingo mwenyewe. Chiriku alizisoma hizo hapana kwa kudeka, akirembua macho, na Dada alicheka mpaka mguu ukakosa pedali. Hawakuona ubaya. Hapana ya hadithini haimuumi mtu.

La ajabu ni kwamba nyumba hiyo hiyo ilikuwa na sheria. Kabla ya kumzungushia mteja utepe wa kupimia, fundi alitakiwa kuuliza, "Nikuguse?" Mteja akijibu "Niguse," ndipo unapima kifua, kiuno, nyonga. Siku moja Chiriku, akiwa bado mdogo, alimrukia mteja na utepe bila kuuliza, na Dada alimtoa nje mbele za watu. "Mwili wa mtu si meza ya kukatia," alimwambia. "Omba. Akikataa, kadiria kwa macho." Chiriku aliyashika maneno hayo kama sala, kwa kuwa aliyeyasema ndiye aliyekuwa mama yake na baba yake.

Mchana uliofuata mvua ilinyesha na umeme ukakatika. Dada alikuwa amekwenda kupeleka nguo kwa wateja. Chiriku alikaa mbele ya kioo akishona shanga, akaanza kusikia harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa chenye unyevu. Ni harufu aliyoipenda. Aligeuka kuiondoa pasi kabla haijaunguza kitu, akaikuta ya baridi, waya umezungushwa kwenye mkono wake.

Kisha utepe wa kupimia ukasogea juu ya meza, taratibu, bila upepo.

"Nikuguse?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, yenye adabu zote. Kwenye kioo hapakuwa na mtu. Palikuwa na Chiriku, na utepe ulioinuka nyuma yake.

"Hapana," alisema.

Utepe ukasimama. Kwa muda mfupi aliamini kabisa kwamba sheria ya Dada imemwokoa, maana hata shetani, alifikiri, akiuliza vizuri na akajibiwa vizuri atakwenda zake.

"Jana ulipoisoma ulideka zaidi," sauti ilisema. "Hiyo ni hapana ya mwanzo. Ziko nyingine, kisha zinakwisha."

"Sijakukaribisha humu!"

"Nimekaribishwa. Mimi siingii nyumba za watu kama mwizi."

Na hapo utepe ukamzunguka shingo, haukumkaba, ulimpima tu kama mteja, na harufu ya pasi ikawa nzito mpaka akaionja ulimini, na kitu chenye baridi kikatua chini ya sikio lake, pale pale penye kidonda, kikaanza kuvuta, na alipotaka kupiga kelele mdomo ule uliozoea kusema toka asubuhi mpaka jioni haukutoa hata pumzi, na lililomtia aibu kuliko maumivu ni kwamba mwili wake ulipata joto, joto ambalo yeye hakuliagiza wala hakulitaka, na sauti ikamnong'oneza, "Unaona?" kana kwamba joto hilo lilikuwa jibu lake.

Haikuwa jibu lake. Hata baada ya mambo yote kuharibika, hilo peke yake hakuna aliyefaulu kumnyang'anya.

Dada aliporudi, Chiriku alimweleza habari ya utepe na ya sauti. Habari ya kunyonywa damu hakuisema, aliona haya.

"Zile hadithi zako zimekuingia kichwani," Dada alisema. "Pumzika." Akaenda jikoni, akamkaangia maini, akasimama juu yake mpaka akayamaliza. "Kula, mdogo wangu. Yanarudisha damu."

Chiriku alikula akishukuru. Mtu anayependwa hatazami sahani yake mara mbili.

Mgeni aliendelea kuja. Kila mara aliuliza, kila mara Chiriku alikataa, na kila mara kukataa kwake kulipokelewa kama sehemu ya mchezo. Aliacha kusoma hadithi. Akaacha na kuzungumza. Alikonda hadi magauni aliyowajaribishia wateja yakampwaya. Dada, ambaye mwaka uliopita alikuwa amedhoofika watu wakamwombea dua, sasa alinawiri, na hakutoka bila kujifunga skafu shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Jioni moja aliinama kuokota mkasi, skafu ikateleza, na Chiriku akaona chini ya sikio lake alama mbili kuukuu, zilizokwisha kupona.

Kesho yake alikwenda kwa fundi redio.

Huyu alikuwa mtu mfupi, mwenye kikohozi, aliyetengeneza redio kwa riziki na kufukuza majini kwa sababu marehemu baba yake alimwachia kazi hiyo bila kumuuliza. Alikuja alasiri wakati Dada hayupo. Hakuwasha chochote, hakusoma chochote. Alisimama katikati ya chumba cha kazi akinusa, kisha akaketi kwa uchovu.

"Huyu hajavunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Alipiga hodi, mtu akamwambia karibu."

"Si mimi. Wallahi si mimi."

"Hata ungekuwa wewe isingehesabika. Nyumba ya nani hii?"

"Ya Dada."

"Basi neno ni lake. Hawa wana uungwana wao wa ajabu. Mwenye nyumba akishakubali, wengine wanaulizwa kwa kupitisha muda tu."

"Na mwili wangu?"

Fundi redio alikohoa, akaangalia chini. "Wanasema mwili uko ndani ya nyumba."

Mlango ulikuwa wazi, na Dada alikuwa amesimama pale na kikapu chake. Alikuwa amesikia.

"Dada, mwambie," Chiriku alisema. "Mwambie si wewe."

Dada aliweka kikapu chini, akafungua skafu. Alizungumza akiitazama cherehani. "Ulikuwa unanyonya chupa. Nilikuwa msichana, mpweke, kila mtu ananihurumia na hakuna anayenitaka. Akapiga hodi. Nikasema karibu, na sikujuta. Alinipenda, Chiriku. Miaka yote hiyo, wewe ukilala chumba cha pili. Mwaka jana akaniambia nimekwisha, damu yangu imekuwa nyepesi, anakwenda. Nikamshika miguu. Akaniuliza, una nini kingine humu ndani?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema ninaye mdogo wangu."

Chiriku aliangalia subana kidoleni mwake. Ni Dada aliyemvisha. "Ungeniuliza," alisema. "Mimi ungeniuliza tu, Dada. Mteja asiyejulikana hata kwao unamuuliza."

"Ungekataa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," fundi redio alisema, akasimama. "Lakini bado panazibika. Akija leo akipiga hodi, sema hivi: sikukaribishi tena. Maneno mawili. Mimi nitamsukuma, ila lazima nipate pa kushika, na pa kushika ni neno lako."

Dada alilia, akamkumbatia mdogo wake, akaapa kwa kaburi la mama yao kwamba atasema. Chiriku alimwamini. Angeacha vipi kumwamini, na hakuwa na mtu mwingine duniani?

Jua lilipokuwa linazama walisimama watatu chumba cha mbele. Pedali ya cherehani ya pili ilianza kwenda yenyewe, taka taka taka, halafu harufu ya pasi ikaja, halafu kioo kikaingia ukungu kutoka ndani, na nje ya mlango uliofungwa sauti ikasema kwa upole mkubwa, "Hodi," na fundi redio akamshika Dada bega akamnong'oneza sasa, sema sasa, na Dada akafungua mdomo, machozi yakimtiririka, akamtazama Chiriku kama mtu anayeaga, akautazama mlango, na usoni pake ikaja sura ambayo Chiriku hajawahi kuiona, sura ya msichana aliyengoja mchana kutwa, na Dada akasema, "Karibu."

"Kimbia!" fundi redio alifoka. "Tokea uani! Hapa sina la kufanya, hawa wanapendana!"

Chiriku alikimbia na nguo alizovaa.

Alipata chumba mtaa wa mbali, kwa mama mmoja mjane mcheshi, mnene, aliyependa wageni kupita kiasi, na kazi ya kupindia nguo kwenye duka la jirani. Siku ya kwanza alimshika mama huyo mikono. "Mama, nakuomba kitu kimoja. Akija mtu kuniulizia, usimwambie aingie. Hata awe nani. Ukisikia hodi ya kwangu, nyamaza."

"Deni?"

"Si deni."

"Mwanamume," mama mwenye nyumba alihitimisha, akacheka. "Sawa, mwanangu. Nimesikia."

Damu ilianza kumrudi. Kidonda kikafunga. Siku moja alijikuta akiimba huku akipindia, na mama mwenye nyumba akasema kumbe una sauti, nilidhani nimepangisha bubu.

Halafu ikaja alasiri ya mvua. Mama mwenye nyumba alikuwa uani akifua. Chiriku alikuwa kitandani na sindano yake aliposikia mlango wa mbele ukigongwa.

"Hodi. Chiriku? Mdogo wangu, ni mimi."

Ilikuwa sauti ya Dada, ileile iliyombembeleza alipoota meno. Chiriku alinyata, akachungulia kwa chini ya mlango. Aliona viatu vya Dada, vimelowa tope. Kando yake palikuwa na viatu vyeusi vya kiume, vimeng'aa, vikavu kabisa.

"Chiriku, naumwa. Nimekuja kuomba radhi. Hodi, mwanangu."

Hajawahi kumwita mwanangu. Chiriku alichukua kitambaa alichokuwa akipindia, akakisokomeza mdomoni kwa mikono miwili ili moyo usije ukamjibia, akaketi sakafuni. Hodi ikapigwa tena, ikapigwa tena, kisha pakawa kimya. Alifumba macho. Alishinda. Mdomo ule ambao watu wote waliucheka ulikuwa umenyamaza mahali palipotakiwa.

"Hee, jamani!" mama mwenye nyumba aliita kutoka uani, mikono ndani ya povu, mtu ambaye tangu azaliwe hajamwacha mgeni mvuani. "Nani huyo anaachwa mlangoni na mvua yote hii? Karibu, karibu ndani, mlango haujafungwa!"

Harufu ya pasi ilipita chini ya mlango.

"Ahsante, mama," sauti ilijibu, na haikuwa ya Dada.