Sanduku la Mchezo Lililotoa Jasho

Sogeeni karibu na mbabula, joto lipo la kutosha wote. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye neno alimeze, maana jambo hili halisimuliwi juu ya kelele.

Lilianza na jasho. Kiangazi kile cha vita, pale Kamina, hata midomo ya watu ilikuwa inapasuka kwa ukavu, lakini sanduku la Ambroise lilikuwa linatoa jasho. Salomé, mkewe, alilipangusa kwa kitambaa. Akirudi kutoka jikoni, matone yako palepale. Akakinusa kitambaa. Kilinuka kafuri na sabuni, na chini ya sabuni, nyama iliyosahauliwa ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Ambroise alikuwa karani wa reli, na treni zilikuwa zimesimama. Shule nazo zimefungwa, na binti yao Béthanie alikuwa haketi, anarandaranda mpaka njia ya Base, ile kambi ya jeshi, katikati ya askari. Ndipo baba akakumbuka mashine ya mchezo aliyoiona ndani ya baa moja ya Lubumbashi, sanduku refu lenye televizyo tumboni na mkono wa kushika, akasema atajitengenezea yake ili mtoto atulie ndani ya lupango, uani kwao. Televizyo alikuwa nayo. Kichezeo cha kaseti alipewa na shemeji yake, umeme ukatoka kwenye betri ya gari, vifungo akavikata kwenye vifuniko vya chupa za dawa. Kilichokosekana ni ubao wa mbele, ule wa kuegemeza mikono.

Huo aliupata kwa askari mmoja kati ya wale waliokimbia vita wakipita mjini na kuvunja milango. Akampa shati lake la ibada. Ubao mgumu, laini kama sahani, wenye mfereji katikati na tundu mwishoni. Ambroise alifurahi kweli. Nyaya zimeshachongewa njia yao!

Béthanie alicheza, akatulia. Akatulia mno. Alisimama pale tangu chai mpaka jua kuzama, na alipokuja kula, Salomé aliona vidole vyake: vyeupe, vimekunjamana, kama vya mtu aliyelala ndani ya maji. Kesho yake ukucha mmoja ulibaki umenata juu ya kifungo. Mtoto hakulia. Alisema tu kwamba mashine ina mikono, inamsugua.

"Inakusugua wapi?" mama akanong'ona.

"Ilianza upande ya kuume, mama. Sasa iko kushoto."

Ambroise alifungua sanduku kwa nyuma, na humo ndani nyaya zake zilikuwa zinaning'inia kwenye kitu kizito cha manjano kama uji uliochacha, chenye nywele ndani yake, nywele ndefu za kike, kikidondoka kutoka kwenye lile tundu tone kwa tone ingawa hakuna aliyemwaga maji, na alipoingiza mkono achomoe waya, ule uji ulikuwa na joto la kinywa, ukamfumbata kiganja, ukamnyonya taratibu, mpaka akatapikia viatu vyake mwenyewe. Pasta alikuja, akaomba, akaweka mkono juu ya ubao aubariki, kisha akaenda akijipangusa kwenye suruali njia nzima.

Aliyejua ni Mama Kadija, mzee wa watu wa Maniema, mwuza chumvi. Alikuwa anapita na beseni lake. Harufu ikamsimamisha mlangoni. Akaingia bila hodi.

"Baba Béthanie, hii mbao uliitosha wapi?"

Ambroise akamweleza habari za askari. Kadija akajifunika pua kwa kanga. Akasema ubao ule ni wao, ni wa kuoshea wafu wa Kiislamu, yeye mwenyewe amewaoshea wanawake juu yake tangu ujana, na ulibebwa siku ya uporaji. Ambroise alikodoa macho. Kwao Wametodisti mbao za mfu hushuka kaburini na mwenyewe. Hakuwahi kuwaza kwamba kuna ubao wa wafu unaobaki juu, ukingoja mwingine.

"Iko jini mule, inakunywaka maji ya kuoshea wafu," Kadija akasema polepole. "Siye tulikuwa tunaizuia na dua. Weye umeiwekea mutoto muzima. Imeanza kumuosha kama mufu, kuume kisha kushoto, haiwezi kuachia katikati. Tumumalizie na kingine."

Basi mchana kweupe, nyuma ya nyumba, wakaung'oa ubao, wakaulaza juu ya matofali, na juu ya ubao shina la mgomba lililovikwa gauni la Béthanie. Mama mzazi ndiye wa kumwaga maji na kutaja jina, Kadija akaagiza. Asilie: chozi likianguka pale, jini litamfuata mwenye chozi.

Salomé akamwaga. Ganda la mgomba likateleza mkononi mwake lote, laini, kama ngozi ya muhogo uliolowekwa, na chini yake palikuwa na joto.

"Béthanie, mwanangu, ninakuosha."

Mtoto alikuwa amelala ndani. Jibu lilitoka kwenye tundu la ubao, kwa sauti yake ileile.

"Iko baridi, mama."

Salomé akaendelea kumwaga mpaka miguuni. Kadija akalivika shina shuka kama sanda, Ambroise akalizika. Jioni ile Béthanie akaomba bukari, ugali wetu huu.

Televizyo ilimwendea shemeji, kule Luena. Ubao ulirudi kwa Kadija, na alipofariki alimwachia mkwewe Riziki, pamoja na dua zake. Na lupango ni la Béthanie sasa, wazazi wake wakiwa wamepumzika. Lake pia ni lile kaburi lililochipua mgomba. Unazaa sana. Hakuna anayekula, kwa sababu ukimenya ndizi yake, ndani ina joto.