Lori Lililoomba Njia Kashikishi

Mwaka wa 1998, Mwewa ndiye mwanamke aliyekuwa akiongoza malori ya samaki pale Kashikishi, bandari ya Zambia kwenye ziwa Mweru. Kabla yake ilikuwa vurugu tupu. Malori yalijazana kwenye barabara nyembamba ya bandarini, injini zikinguruma kutwa nzima, kila dereva akiogopa kupoteza nafasi. Moshi ulitanda juu ya chisense zilizoanikwa mchangani, watoto wakakohoa, vidagaa vile vikanuka dizeli.

Kisha dereva mmoja wa Kongo, Roger, alilala ndani ya lori lake la bluu akisubiri zamu, injini ikiwaka, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua. Moshi ulipenya kutoka chini. Walipomfungulia mlango, alikuwa ameshakauka.

Ndipo Mwewa akaja na mpango wake. Malori yote yasubiri kiwanjani, kando ya barabara kuu, injini zimezimwa. Yeye akae bandarini na redio ya mkononi, Chileshe, msaidizi wake, akae kiwanjani na nyingine. Boti ikifika, lori moja linaitwa. Likishapakia na kuondoka, linaitwa jingine. Kufikia Pasaka hewa ilikuwa safi, hata akina mama waliozoea kujifunga vitambaa puani waliviacha nyumbani.

Alasiri moja, mawingu yakiwa yameinama juu ya Mweru, redio ilikoroma mkononi mwake. Sauti ya mwanamume, ya kukwaruza.

"Mama, naomba njia. Kamio ya bleu."

"Chileshe, nani huyo?"

"Mama Mwewa, huku hakuna lori la bluu. Na mimi sijasema kitu."

Mwewa akageuka kutazama barabara. Tupu. Lakini mlio wa injini ulikuwa unakuja, polepole. Harufu ya dizeli ikatangulia. Kisha moshi, mweusi, mzito, ukitambaa chini chini ilhali upepo umetulia. Mbwa waliokuwa wakigombea matumbo ya samaki wakanyamaza. Wakaondoka mmoja mmoja.

Mlio ukasimama mbele ya mizani ya kupimia samaki. Pale pale alipofia Roger.

Emilienne, mjane wake, alikuwa karibu akifunga magunia. Tangu msiba hakuacha biashara ya kuvuka ziwa. Akainua kichwa. Akatabasamu.

"Mama Mwewa, unasikia? Hii njo sauti ya bwana yangu."

"Emilienne, usiende."

"Anasema kuko baridi mule ndani. Anasema nipande."

Alishaanza kutembea. Moshi ukampokea hadi kiunoni. Mwewa akamwona akinyanyua mguu na kukanyaga kitu. Hapakuwa na kitu. Akanyanyua wa pili. Akasimama hewani, juu ya mchanga, mkono wa kulia umenyooka mbele kama mtu anayevutwa ndani.

Mwewa alikimbia. Akamkamata kiuno, akavuta. Emilienne hakusogea.

Kulikuwa na mtu akivuta upande wa pili.

Moshi ukamjaa Mwewa kifuani. Akapeleka redio mdomoni, akanong'ona vile anavyosema na dereva yeyote mkaidi.

"Roger. Zamu ya bibi yako bado. Zima injini."

Injini ikatetemeka. Ikakohoa mara moja. Ikazima.

Wanawake wote wawili wakaanguka mchangani. Upepo wa ziwa ukarudi, ukafagia moshi wote. Chileshe alipofika akihema, barabara ilikuwa tupu.

Emilienne alivuka kurudi kwao na boti ya kwanza asubuhi. Mwewa alimsindikiza majini, na alipomshika mkono kumpandisha, akaona kifundo chake cha mkono kimezungukwa na alama za vidole vitano vya masizi. Walisugua kwa sabuni. Walisugua kwa mchanga na mafuta ya taa. Hazikutoka.

Hakukanyaga tena Kashikishi. Mwaka uliofuata mvuvi mmoja kutoka ng'ambo alisema amemwona, amevaa mikono mirefu katika jua kali. Upepo ulipoinua nguo, mvuvi aliziona zile alama. Lakini hazikuwa kwenye kifundo.

Zilikuwa zimefika kwenye kiwiko.