Jiko la Makaa Sebuleni kwa Mumbua

Alhamisi alasiri, somo la mwisho lilipokwisha, Velma hakwenda bwenini kupumzika. Alitia nguo mkobani, akatia na kitenge alichotumiwa na mama yake, kisha akaenda kungoja basi. Mjini Doha wiki ya kazi huishia Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi watu hupumzika, na Jumapili hurudi kazini na darasani.

Velma alikuwa binti wa Kakamega, Kenya, aliyekuja Qatar kusomea uhasibu. Chuo chake kilikuwa nje ya mji. Kilikuwa kizuri na safi, lakini kimya mno. Kuna siku jua lilichomoza hadi likazama asipate mtu wa kusema naye Kiswahili. Ndiyo maana safari hii fupi ya kwenda kwa Mumbua aliingojea kwa hamu.

Mumbua na Velma walisoma sekondari moja, wakalala bweni moja. Sasa Mumbua alikuwa mke wa Japheth, fundi wa kompyuta. Waliishi Fereej Bin Mahmoud, katikati ya mji, na binti yao Hannah mwenye umri wa miaka mitatu.

Basi liliposimama, Mumbua alikuwa kituoni, amemshika Hannah mkono.

"Umekonda," alisema kabla ya salamu. "Huko chuoni mnalishwa nini?"

"Wali. Kila siku wali."

"Basi kesho ni mbuzi choma. Utakula mpaka uombe msamaha."

Usiku huo walipiga gumzo mpaka Japheth akawaachia sebule, akaenda kulala.

Ijumaa asubuhi walikwenda wote kanisani, mtaa wa Abu Hamour. Waliimba kwa Kiswahili, na Velma akaimba hadi sauti ikakauka. Baada ya ibada walipitia sokoni, huko huko Abu Hamour, wakanunua mguu wa mbuzi, nyanya na pilipili. Walipofika nyumbani simu ya Japheth ikalia. Kompyuta za ofisini kwao zilikuwa zimegoma.

"Mniwekee mbavu," Japheth alisema akitoka.

"Tumenunua mguu, baba Hannah," Mumbua alimjibu. "Mbavu utaziota ndotoni."

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Ngazi fupi ilipanda hadi kwenye paa, na huko ndiko Mumbua alikoliwasha jiko la makaa. Ilikuwa Januari, na upepo ulikuwa baridi. Makaa yaliposhika moto vizuri, mvua ikaanza kunyesha.

"Mvua ya Doha huja mara chache," Mumbua alisema, "na imechagua leo."

"Tungoje ipite?"

"Tungoje na njaa hii? Makaa yameshaiva, hayana moshi hata kidogo. Tuingize jiko ndani, tutaota moto pia."

Waliliweka jiko sebuleni, juu ya sinia kuukuu. Walifunga madirisha ili mvua isiingie, wakafunga na mlango ili baridi isiingie. Sebule ikapata joto tamu. Mafuta ya nyama yalidondoka yakilia juu ya makaa. Mumbua akaweka muziki kwenye simu, na Velma akamfundisha Hannah kutikisa mabega kama watu wa Kakamega. Walicheka hadi wakakaa chini.

Baada ya muda Mumbua alishika kipaji cha uso.

"Kichwa kinanigonga."

"Changu pia," Velma alisema. "Na tumbo linachafuka. Labda ni njaa."

"Ni njaa tu. Subiri nyama yote iive."

Velma akamtafuta Hannah kwa macho. Mtoto alikuwa amelala juu ya zulia, kipande cha nyama mkononi. Jambo hilo lilimshangaza, maana Hannah hakuwa mtoto wa kulala nyama ikiwa mkononi. Akamwita. Akamtikisa. Hannah akafumbua macho kidogo, akayafumba, na kichwa chake kikaanguka upande.

"Mumbua, mtoto haamki."

Mumbua alijaribu kusimama, akayumba, akashika ukuta. Velma naye alihisi kizunguzungu. Hakujua ni ugonjwa gani huu uliowakamata wote kwa pamoja. Alimbeba Hannah, akafungua mlango, akaenda kugonga mlango wa jirani.

Jirani huyo alikuwa Phyllis, muuguzi kutoka Nyeri. Walikuwa wamemwalika kula nao, na alikuwa ndiyo kwanza anavaa viatu aje.

"Sista, mtoto haamki," Velma alisema.

Phyllis aliutazama uso wa Hannah, kisha wa Velma. "Wewe unajisikiaje?"

"Kichwa. Kizunguzungu. Mumbua pia."

"Mnapika na nini?"

"Makaa. Jiko liko sebuleni."

"Na madirisha?"

"Tumefunga."

Phyllis akatoka mbio. "Mpeleke mtoto nje kwenye hewa. Mimi namtoa mama yake."

Alivuta pumzi ndefu, akaingia, akamshika Mumbua mkono, akamtoa upesi. Aliuacha mlango wazi. Wote walikaa kwenye kijibaraza cha wazi cha ghorofa hiyo, mahali pasipofikiwa na mvua. Phyllis akapiga simu ya dharura kuita gari la wagonjwa, akasema wamevuta sumu ya makaa.

"Nina maziwa kwenye friji," Mumbua alisema huku akilia. "Nimletee maziwa."

"Usirudi ndani, mama Hannah. Maziwa hayaondoi sumu hii, na mtoto asiye na fahamu ukimnywesha anaweza kupaliwa. Anachohitaji ni hewa safi."

Upepo baridi ukampiga Hannah usoni. Baada ya kitambo akakohoa, akakunja uso, akaanza kulia.

"Lia, mwanangu," Phyllis alisema. "Lia sana."

Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu walimvika Hannah kifuniko cha kupumulia hewa ya oksijeni, kisha wakawapeleka wote hospitali. Madaktari waliwapima damu, wakaendelea kuwapa oksijeni. Phyllis alifuatana nao. Japheth naye alikuja mbio, bado amevaa kitambulisho cha kazi shingoni.

"Walikula nini?" aliuliza.

"Hawakula kitu kibaya," Phyllis alimjibu. "Walivuta hewa yenye sumu. Makaa yakiwaka hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Huioni, huinusi, wala haikuwashi macho."

"Lakini makaa hayakuwa na moshi," Mumbua alisema kutoka kitandani.

"Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani moshi ukiisha, hatari imeisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa sumu. Ndani ya chumba sumu hiyo hujaa, huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, unalegea, unapata usingizi. Mtu akilala hapo, huenda asiamke. Mtoto hulemewa mapema kuliko mtu mzima."

"Tungefungua dirisha moja?" Velma aliuliza.

"Dirisha moja halitoshi. Jiko la makaa mahali pake ni nje, hata kukiwa na baridi, hata kukiwa na mvua. Na mkiumwa kichwa pamoja nyumba nzima, tokeni nje kwanza, kisha iteni msaada. Leo ulifanya vizuri kutoka na mtoto."

Jumamosi asubuhi Hannah alikaa kitandani, akala biskuti, akadai nyingine. Daktari akawapima tena, akawaruhusu. Walirudi nyumbani wakiwa wamebanana nyuma ya gari, na Hannah akatikisa mabega njia nzima.

Kabla ya kurudi chuoni, Velma alimpigia simu mama yake. Alimwambia asiweke tena jiko chumbani kwa bibi yake wakati wa baridi. Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Leo hii nalitoa," alisema.

Ijumaa iliyofuata Mumbua alisimama kanisani baada ya ibada, akaeleza yaliyowapata. Hakuficha kitu. Watu walipotawanyika, kijana mmoja aitwaye Mwaura akamfuata. Alikuwa mlinzi, na alilala Industrial Area, eneo la viwanda, katika chumba kimoja na wenzake wengi.

"Dada, sisi usiku huingiza makaa kwenye karai tukaota," alisema. "Asubuhi vichwa vinatuuma. Tulidhani ni kazi."

Mumbua alimwita Phyllis. Jioni ile ile Phyllis alikwenda na Japheth hadi kwenye chumba cha Mwaura, akazungumza na vijana wote. Waliafikiana karai lisiingie ndani tena. Msimamizi wao alipoelezwa, aliwaletea mablanketi mazito.

Mwezi wa Machi, Velma akaja tena kwa Mumbua. Safari hii nyama ilichomwa juu ya paa, peupe. Mwaura alikuja na wenzake, Phyllis akaleta kachumbari, na Japheth akapata mbavu zake. Mwaura alikuwa akimsimulia Velma jinsi anavyoamka siku hizi, kichwa chepesi kama cha mtoto.

"Na wenzako?" Velma alimuuliza.

"Wote wazima," Mwaura alijibu, akageuka kuwatazama. Walikuwa wamelizunguka jiko, wakibishana nani anajua kugeuza nyama, na Hannah alikuwa mabegani mwa mmoja wao akiwaamuru wafanye haraka.