Kopo la Vifungo la Bibi

Nikitoka shule, kituo changu cha kwanza ni chumba cha mbele, ambako Bibi hushonea. Naweka mkoba chini ya meza ya kukatia, namsalimia, naokota vipande vya uzi sakafuni, kisha nakaa kwenye kigoda kando ya cherehani. Bibi ni fundi wa sare za shule. Nusu ya darasa letu wamevaa kazi ya mikono yake, na suruali ya mtu ikichanika uwanjani, mimi ndiye ninayeulizwa kulikoni.

Mteja akija kujaribu nguo, Bibi humzunguka taratibu, pini zikiwa mdomoni, na kumuuliza swali lilelile, "Inabana wapi?" Wengi humjibu, "Sawa tu, fundi." Jibu hilo halipendi kabisa. Humwambia mteja ainue mikono, ainame, akae. "Huyu wa sawa tu ndiye anayenisumbua," huniambia akishaondoka. "Nguo inamkaba kwapani, hasemi. Ataivaa mara moja, kisha ataitupa kabatini."

Mimi nina sauti ndogo. Shuleni wananiita Mnong'ono. Mwalimu huniambia nipaze sauti, muuza duka hunitaka nirudie, na hata Mama, anayefanya kazi mji mwingine, akipiga simu huuliza kama bado nipo. Ni Bibi peke yake ambaye hakuwahi kuniambia niseme kwa nguvu. Cherehani ikinguruma, nilimsimulia siku yangu kuanzia mstarini asubuhi hadi kengele ya mwisho, naye aliitikia bila kuinua macho, "Enhe, halafu?"

Kisha masikio yake yakaanza kuchoka. Siku moja nilimwambia kwamba rafiki yangu amehama shule na sitamwona tena. "Vizuri sana, mama," akaitikia, akaendelea kushona. Nililia siku hiyo, na si kwa ajili ya rafiki tu. Bibi alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, nami nilimkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Aliyehangaika ni Mjomba, ambaye ni dereva wa lori. Miezi mitano alitumia siku zake za mapumziko kupanga foleni hospitalini, mpaka Bibi akapimwa na kupewa vifaa viwili vya kusaidia kusikia. Siku alipomrudisha nyumbani, alisimama mlangoni akasema, "Mama, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri kabisa, baba."

Mjomba alifurahi mpaka akasahau funguo za lori mezani. Mimi nilifurahi kumshinda. Nilijua sasa nimerudishiwa Bibi yangu.

Wiki haikuisha. Nilikuwa natafuta kifungo cheupe kwenye kopo la vifungo nilipogusa kitu laini. Vilikuwa ni vile vifaa viwili, vimefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Nilimwonyesha. Nikachukua daftari nikaandika: "Kwa nini?"

Bibi alisoma, akashusha pumzi. "Nikivivaa, cherehani inanipigia kelele kama mashine ya kusaga nafaka. Mkasi ukigusa meza nashtuka. Hiki cha kushoto kinanichoma ndani. Na sauti yako wewe, ambayo ndiyo niliyoitaka, siipati hata hivyo."

"Mwambie Mjomba," nikaandika.

"Nimwambie nini, na alivyohangaika? Masikio ni yangu, yamezeeka. Usimwambie kitu."

Basi nikawa mshirika wake. Lori likipiga honi nje, mimi ndiye niliyesikia, nikamgusa bega, naye akafungua kopo haraka na kuvivaa. Mjomba alimkuta ametabasamu, akaondoka ametosheka. Lori likipinda kona, vifaa vilirudi kulala na vifungo. Na mimi nilirudi kwenye kigoda, nikakaa kimya. Nilizitamani zile "Enhe, halafu?"

Miezi mitatu ilipopita, Bibi aliitwa hospitalini kuangaliwa. Mjomba alitupeleka, akakaa nasi ndani. Daktari wa masikio, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alinipa fomu. "Msomee Bibi maswali polepole, umtazame usoni," akasema. "Kisha uweke alama kwenye jibu lake."

Swali la kwanza lilisema: Umeridhika na vifaa vyako kwa kiasi gani? Kulikuwa na visanduku vitano, kuanzia "sijaridhika kabisa" hadi "nimeridhika sana."

"Weka pale pa sana," Bibi akasema, akimtupia Mjomba jicho.

Nikaweka. Swali la pili, vivyo hivyo. Mjomba alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Swali la tatu liliuliza huvivaa muda gani kwa siku.

"Kutwa nzima," Bibi akasema.

Kalamu ilinigomea. Nilijua nikiandika vile, daktari ataridhika, Mjomba ataridhika, na sisi tutarudi nyumbani kwenye kopo la vifungo mpaka lini, sijui. Nilimwogopa Mjomba. Nilimwonea Bibi haya. Lakini nilichoka kumkumbuka mtu niliyekaa naye. Nikasimama, nikamshika Bibi mikono nikaiinua kidogo, kama anavyowaambia wateja wake wainue yao. Kisha nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Bibi, inabana wapi?"

Bibi alinitazama. Kisha aligusa sikio la kushoto. "Hapa," akasema. Machozi yakamtoka. Akaeleza yote, cherehani, mkasi, kopo, hata ile honi ya lori. Alipomaliza alimgeukia Mjomba. "Nisamehe, mwanangu. Sikutaka ujione umehangaika bure."

Mjomba alikuna kidevu. "Mama, mimi nilitaka usikie. Sikutaka unisifu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mpwa wangu, kumbe ulikuwa mlinzi wa zamu?" Niliinamisha uso, lakini nilisikia akicheka.

Daktari hakukasirika. Alibadilisha kipande cha mpira kinachoingia sikioni, akaweka kingine kilicho kidogo zaidi. Akaunganisha vifaa na kompyuta, akapunguza ngurumo, akaongeza sauti nyembamba. "Wengi hufanya kama wewe, mama," alimwambia Bibi. "Wanasema wameridhika, kisha vifaa vinalala kabatini, nasi hatujui. Masikio ya ujana hayatarudi, nakwambia ukweli. Anza na saa mbili kwa siku, chumba kikiwa kimetulia, uongeze polepole. Pakibana, njoo useme."

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza Bibi alilalamikia hata mlio wa kijiko kwenye kikombe. Tulirudi hospitalini mara mbili. Mara ya pili tulipewa fomu ileile, na Bibi alifikiri sana kabla ya kujibu.

"Weka hapo pa nne," akasema. "Na uandike chini: sokoni bado ni kelele tupu."

Jioni hiyo alinikalisha kando yake. "Mjukuu wangu, nilidhani kusema 'sawa' ni heshima kwa Mjomba wako," alisema. "Kumbe nilimnyima nafasi ya kunisaidia, nikakufundisha na wewe kuficha. Kitu kikikuumiza, kiseme kwa yule anayeweza kukitengeneza. Kwa adabu, lakini kiseme."

Kisha akarudi kwenye kazi yake. Cherehani ikaanza kunguruma. Vifaa vilikuwa masikioni, na kopo lilikuwa na vifungo tu. Niliogopa kujaribu. Halafu nikasema kwa sauti yangu ileile ndogo, "Bibi, yule rafiki yangu aliyehama ameniandikia barua."

Zamani hakuhitaji kusimamisha kazi ili anisikie. Sasa aliondoa mguu kwenye kikanyagio, gurudumu likasimama, akanigeukia.

"Enhe," akasema. "Halafu?"